Bustani Iliyookolewa na Kiuno

Hebu mwone mkunga akiingia getini asubuhi, viatu mkononi, miguu imevimba kwa zamu ya usiku. Anataka kitu kimoja tu: akae kibarazani aitazame bustani yake. Wenzake wana maua ya kununua. Yeye ana mimea ya porini. Kivumbasi, mgagani, mshubiri, nyasi ndefu za kahawia, yote kaihamisha mwenyewe kutoka kando ya njia, mche baada ya mche, kabla matingatinga ya kupanua barabara hayajapita. Vipepeo walikuwa wameshazoea kuja.

Leo akakuta uwanja mweupe pe, umefagiwa mpaka mistari ya ufagio inaonekana.

Mama mkwe wake, aliyekuja jana kuwasalimia, alikuwa ameegemea jembe, jasho linamtoka, uso umejaa furaha. "Pole na kazi, mwanangu. Nimeona magugu yamekushinda. Humu ungekuja kufuga nyoka."

Utamwambia nini mama mkwe aliyekulimia kwa mapenzi? "Asante, mama," mkunga akasema. Akaenda kulilia chumbani.

Mumewe akamfuata. "Mwambie."

"Mwambie wewe. Si mama yako?"

"Ndiyo maana siwezi."

Basi hakuna aliyemwambia, na mama akaendelea kupokea sifa za majirani.

Kisha mvua ikanyesha siku kadhaa mfululizo. Mkunga alipotoka na beseni la nguo, akasimama. Ncha za kijani zilikuwa zimetoboa udongo, pale pale pa zamani. Akapiga magoti, akafukua kwa kidole. Mizizi ilikuwa mizima, haijaguswa. Pumzi aliyoibana siku zote hizo ikamtoka, kama vile kichanga kilichochelewa kulia kinapolia.

Nyuma yake jembe likaburuzwa. "Yamerudi. Haya hayana adabu," mama akasema. "Sogea."

"Ngoja, mama. Hayo nimeyapanda mimi."

Mama akamtazama, akayatazama majani. "Umepanda magugu?"

"Kwa mikono yangu."

"Na ukaniambia asante."

"Ningesema nini, mama?"

Mama akakaa juu ya ndoo, mabega yakaanza kumcheza kwa kicheko. "Nilitaka nichimbe mpaka chini, kiuno kikagoma. Nikakwangua juu juu. Nikaona aibu, ndiyo nikafagia sana, usinigundue."

"Basi nakishukuru hicho kiuno."

Siku hizi mama akija huliacha jembe nyumbani kwake, na swali lake la kwanza ni kivumbasi kimefikia wapi.

Nawe msomaji wangu, ungesema siku ile ile, au ungengoja mvua ikusemee?