Printa, Radi na Zamu ya Mjane

Duka langu la kuchapisha liko Kakamega mjini, na kompyuta zake zote zinaendeshwa na mfumo wa Linux, kwa sababu kuna siku nilijiona mjanja. Linux ni ya bure, niliwatangazia watu. Hakuna aliyenionya kwamba ningeilipia kwa nywele za kichwani.

Kompyuta zote zinatumia printa moja kupitia mtandao wa duka. Asubuhi inachapa vizuri. Alasiri inanuna, na kompyuta inaniarifu kwa adabu kuwa printa haipatikani, ilhali naiona pale mezani. Naifuta, naiweka upya, inakubali, najipongeza kama mhandisi. Kesho yake alasiri imenuna tena. Niliuliza wataalamu mtandaoni, wakanijibu kwamba nimeuliza vibaya.

Ijumaa moja akaja mama mmoja kutoka Musanda. Mumewe, mkulima wa miwa, alikuwa anazikwa kesho yake, na mama huyo alitaka programu ya mazishi yenye jina lake mwenyewe kati ya wasemaji.

"Shemeji zangu wanasemanga mjane kazi yake ni kulia tu," aliniambia. "Wanataka shamba. Nikisema mbele ya watu, itajulikana."

Nilimwelewa. Huku kwetu neno lililosemwa kaburini lina mashahidi kijiji kizima, na asiyekuwa kwenye programu hapewi kipaza sauti, isipokuwa awe mwanasiasa.

Nikabonyeza. Nakala chache zikatoka, radi ikapiga, printa ikanuna. Nikaiweka upya. Zikatoka nyingine, radi ikapiga, kimya. Mama akaniuliza kwa upole kama mashine yangu inaogopanga mvua. Nilikasirika, kwa sababu swali lilikuwa zuri kuliko yote niliyowahi kuwauliza wataalamu.

Nikatazama kioo cha printa. Namba yake ya mtandao haikuwa ile iliyokuwa kwenye kompyuta. Namba hizo hugawiwa upya na rauta, kile kisanduku cha intaneti, kila kinapowashwa. Rauta iko chumba cha nyuma, anakoshonea mke wangu.

"Nani anaigusa rauta?" nikamuuliza kutoka mlangoni.

"Si radi ikipiga nachomoanga kila kitu?" akasema bila kuinua macho kwenye cherehani. "Unataka tuungue?"

Kakamega mbingu hunguruma karibu kila alasiri, na nyumbani mimi ndiye wa kwanza kuchomoa televisheni. Wiki nzima nilikuwa nimeitukana Linux, na Linux haikuwa na kosa lolote. Nikaiagiza rauta iipe printa namba moja ya kudumu, hata ikizimwa na kuwashwa. Kazi ndogo ya kutia aibu. Programu zote zikatoka kabla mvua haijakatika.

Kesho yake nilizipeleka mwenyewe, kwa kuwa nilimwonea huruma na pia nilitaka kuona. Mwendesha sherehe, ambaye kwa bahati ya ajabu alikuwa binamu wa mashemeji, alitangaza kuwa kwa sababu ya muda mjane hatazungumza. Wakati huo mheshimiwa mmoja alikuwa ameshatumia muda wa kutosha kueleza habari za barabara.

Mama akasimama, akainua programu yake. Waombolezaji wakatazama zao. Mzee mmoja akasema, "Imeandikwa. Mpe."

Akapewa kipaza sauti.

"Hii miwa nimepanda na huyu mzee wangu," akasema. "Nitabaki hapa. Anayetaka nitoke, aseme sasa, mzee wangu akiwa bado hajafunikwa na udongo."

Mashemeji wakainamisha vichwa, wakasoma programu.