Kilo Arobaini na Nane

Mwaka wangu wa pili kazini Tunduma nilikuwa na chumba chenye feni nzima na benchi tupu mlangoni. Ng'ambo ya korido kulikuwa na chumba cha tabibu mwenye stashahada, na benchi lake lilijaa tangu asubuhi. Madereva waliokwama kwenye foleni ya malori, wanawake wa sokoni, wazee walioshuka kutoka Mbozi, wote walimtaka yeye. Nikitoka kuwaita walitazama sakafu. Mama mmoja alinijibu kwa adabu kabisa: "Asante, dada. Sisi tunamsubiri daktari."

Daktari nilikuwa mimi. Nilisoma miaka mitano chuo kikuu, wa kwanza kufika huko katika ukoo wetu wa Mbebe, na huko nilijifunza kutoamini jambo kwa sababu tu limesemwa na mkubwa au limechapwa kitabuni. Niliwachosha walimu kwa maswali. Baba alikuwa akisema ningeuliza hata jua linatoka na kibali cha nani. Basi na huyu tabibu nilimhoji, kimoyomoyo. Wanampendea nini? Siku moja nilisimama karibu na mlango wake nikijifanya nasoma tangazo la chanjo. Alikuwa akiongea Kinyiha na bibi mmoja, na kwa maneno machache niliyoyashika, mazungumzo yalihusu kahawa na mbuzi aliyevunjika mguu. Ugonjwa ulikuja mwishoni, kama kitu alichokumbuka bibi mwenyewe. Niliondoka nikijiambia kwamba hiyo si tiba, ni kupoteza muda. Muuguzi wetu aliniona, akacheka. "Dokta, benchi lako siku hizi mtu anaweza hata kujinyoosha."

Nilicheka naye. Lakini jioni ile niliukataa mkungu wa ndizi ambao mgonjwa wa tabibu aliwaletea watumishi wote, nikisema sili ndizi. Mimi, mtu wa Ileje niliyekulia migombani, eti sili ndizi.

Kisha akafa mgonjwa wake. Alikuwa mama wa makamo kutoka Ihanda, mnene, aliyeletwa na binti yake aliyeolewa hapa mjini. Alikuwa na kichomi cha siku sita na pumzi ilikuwa imeshaanza kukatika vipande. Tabibu alimwekea oksijeni, akaandika kwenye jalada kwamba hana mzio wa dawa yoyote, akaagiza sindano ya jamii ya penisilini. Saa mbili baadaye mama akafariki. Mimi ndiye niliyeitwa kuthibitisha kifo, kwa hiyo niliuona mwili.

Baada ya maziko binti alirudi na daftari la matibabu la mama yake, lile daftari la shule ambalo mgonjwa hutembea nalo kila aendako kutibiwa. Alilifungua mbele ya mganga mfawidhi, mkubwa wetu wa kituo. Kurasa chache kutoka mwisho, kwa mwandiko wa zahanati ya kwao, iliandikwa kwamba mgonjwa alivimba uso baada ya sindano ya penisilini na asipewe tena. Binti hakupiga kelele. Alisema tu kwamba daftari siku ile lilibaki Ihanda kwa sababu ya haraka, na kwamba yeye hakujua, lakini daktari alipaswa kujua.

Mfawidhi alimwondoa tabibu kwenye chumba cha wagonjwa siku hiyo hiyo, akanikabidhi jalada na daftari niyalinganishe na kuandaa taarifa ya kikao cha kupitia kifo. Tabibu hakujitetea. Alikaa kwenye stoo ya dawa akihesabu maboksi. Nilipokwenda kumuuliza alisema, "Nilimuuliza mama mwenyewe, akatikisa kichwa. Labda alikuwa amechoka. Labda mimi ndiye niliyeharakisha." Nikayaandika hayo yote, na mkono wangu ulikuwa mwepesi sana.

Mambo mawili hayakukaa sawa, na niliyaona siku ile ile ya kwanza. La kwanza, mzio wa kuua hauchelewi saa mbili. La pili, ukurasa wa ule mzio ulisema mgonjwa ana kilo arobaini na nane, na ukurasa uliofuata, wiki tatu baadaye, ulisema kilo sabini na moja. Mimi ninayehoji kila kitu sikuhoji hapo. Nilijiambia mizani za zahanati ni mbovu. Kuhusu zile saa mbili nilisema miili hutofautiana. Benchi langu sasa lilikuwa limejaa, kwa kuwa hapakuwa na mlango mwingine wa kusubiri, na nilipita mbele yake kila asubuhi nikiwa nimepiga pasi koti.

Nilikwenda Ihanda kuchukua maelezo ya familia, nikitaka mtu mmoja tu aliyekuwepo siku ya ule uvimbe, ili taarifa yangu isiwe na tundu. Nilipokelewa na wifi wa marehemu, dada wa mume, mjane mwembamba aliyerudi kwao baada ya binti kuwa ameshaolewa. Alinichomea mahindi. Nilimwonyesha ule ukurasa nikamsomea, nikamuuliza kama aliuona ule uvimbe.

"Niuone vipi, mwanangu, na uso ni wangu?" alisema. "Macho hayakufunguka. Wifi yangu akawa ananiita boga."

Niliuliza kwa nini basi imeandikwa kwenye daftari la marehemu.

"La marehemu? Hilo ni la nyumba hii. Ukienda na jipya wanaanza kukuuliza tangu ulipozaliwa. Lenye maandishi, daktari analiheshimu."

Nilitazama gamba la mbele la daftari. Lilikuwa na jina la ukoo tu, lililoandikwa siku liliponunuliwa dukani. Nyumba ile yote iliumwa ndani ya daftari moja, na kila aliyetoka kwenda zahanati alilichukua mezani kama mtu achukuavyo mwavuli. Nilimwomba wifi yule asimame. Sikuhitaji mizani kuziona zile kilo arobaini na nane.

Njiani kurudi nilichukia. Ningependa kusema nilifurahi kwamba mwenzangu hana hatia, lakini nilichukia, kama mtu aliyenyang'anywa kitu chake.

Kikaoni nilisoma kila kitu kilivyokuwa: zile kilo, zile saa mbili, maelezo ya wifi. Mama alikufa kwa kichomi kilichochelewa kutibiwa. Binti, aliyeitwa asikie, alilia kwa sauti ndogo, akamwomba tabibu msamaha, naye akamwambia hakuna kosa katika kumwulizia mama. Mfawidhi alinisifu mbele ya wote kwa umakini. Sikusema niliziona lini zile kilo.

Mchana tabibu alikuja chumbani kwangu akakaa kwenye kiti cha mgonjwa, akaanza kunishukuru. Nilimkatiza.

"Zile kilo niliziona siku ya kwanza. Kabla hujamaliza hata boksi moja kule stoo."

Nilisubiri anitukane, na nilikuwa na majibu. Alitazama meza, akauliza, "Na yule wifi, sasa ana daftari lake?"

Nilisema sijui. Nilikuwa nimekaa naye karibu mchana mzima. Nilikula mahindi yake. Nilijua kwamba sindano ya kawaida kabisa inaweza kumuua, na karatasi pekee iliyosema hivyo niliichukua kama ushahidi, ikawa kwenye droo yangu, chini ya jina la mtu mwingine. Kukohoa tu na kwenda zahanati kungetosha kummaliza.

"Nipe," alisema.

Nikampa lile la zamani. Alinunua daftari jipya kwenye kibanda cha mbele ya geti, na dirishani nilimwona akinakili ule ukurasa wa mzio, amelilaza juu ya tangi la bodaboda huku dereva akimsubiri. Kitu cha kwanza kilichonijia hakikuwa aibu. Niliwaza: kwa nini wazo hilo halikuwa langu? Hata hilo nilimwonea wivu. Aibu ilifika baadaye, bodaboda ilipokuwa imeshapotea nyuma ya malori kuelekea Ihanda, na muuguzi anagonga mlango kuniambia watu wa benchi wanauliza atarudi saa ngapi.