Moshi wa Pumba za Mpunga

Nakumbuka siku ile ya kupura mpunga kule Usevya, mwanangu, na mpaka leo nikiiwaza mwili unanisisimka. Ilikuwa miaka ya sabini, mimi kijana mwenye ndevu za kuhesabika, na mke niliyempenda sana, Skola.

Kila mavuno kifua chake kilibana. Tukianza kupiga mpunga kwa fimbo na vumbi likitimka, yeye anakohoa, kifua kinalia filimbi, anakwenda kukaa pembeni. Watu walimwita mvivu. Mbele yao nilimtetea, lakini moyoni, nikuambie ukweli, nilianza kuwaamini.

Mwaka ule akazidiwa mchana kweupe, kazi imepamba moto. Nyumbani kwetu tulikuwa na desturi ya kumfukiza mgonjwa: unamfunika blanketi, unachoma dawa kwenye kigae chenye makaa, anavuta moshi. Mimi kwa ujuaji wangu nikaongeza langu. Nikasema kama ugonjwa umeletwa na mpunga, basi mpunga wenyewe ndio utautoa. Nikajaza pumba kwenye kigae, nikamfunika Skola, nikashikilia pindo za blanketi kwa mikono miwili ili moshi usipotee hata kidogo.

Akaanza kupapatika. Nikafurahi, mwanangu, nikidhani ugonjwa unatoka. Akapenyeza mkono kutoka chini ya blanketi, akanikwaruza kwa kucha, nami nikazidi kukandamiza. Kisha ule mkono ukalegea. Nilipofunua nilikuta midomo yake imekuwa rangi ya majivu, macho yananitazama bila kuniona. Nikapiga yowe la kuomba msaada.

Walionisaidia kumbeba mpaka zahanati ni walewale waliomwita mvivu. Mganga wa pale, mtu mpole, alimchoma sindano, tukangoja. Pumzi ikarudi kidogo kidogo. Yule mganga akauliza mbona sote tunanuka moshi. Nilipomweleza akasema, "Kijana, pumu ilikuwa imembana tu. Aliyetaka kumuua ni wewe."

Akaniagiza nimpeleke Tabora kwa daktari bingwa wa kifua. Nikasema si ameshapona. "Amepona leo," akanijibu.

Basi tukaenda Mpanda, tukapanda treni. Yule bingwa hakuniuliza mimi lolote. Alimsikiliza Skola mgongoni, kisha akamwuliza mwenyewe: kinabana lini, wapi, baada ya nini. Skola akajibu yote bila kusita: vumbi la mpunga, moshi wa jikoni, baridi ya alfajiri. Akamalizia kwa sauti ya chini, "Nilimwambia mume wangu tangu mwaka tuliooana. Akasema natafuta kisingizio." Nilitamani sakafu inimeze, maana ni kweli aliniambia, tena si mara moja.

Daktari akatufafanulia kwamba njia za hewa ndani ya kifua chake huvimba na kujibana, kwamba ugonjwa huo hauambukizi, wala si uchawi, na kwamba mtu akifuata dawa na kukwepa kinachomchokoza ataishi na kulima kama wengine. Tangu hapo kupura ilikuwa kazi yangu, yeye akapalilia.

Sasa unaniambia kifua cha mtoto wako kinalia, na shangazi yako ameshaleta majani ya kufukiza. Yatupe leo hii. Mtoto akibanwa mkalishe wima, mwondoe kwenye moshi na vumbi, mkimbize hospitali. Akipata nafuu usirudi nyumbani ukakaa. Omba barua ya kwenda kwa bingwa, na dawa usiziache kwa kuwa amecheka siku mbili. Zaidi ya yote, mwulize yeye mwenyewe, hata kama ni mdogo, kisha umwamini.

Skola ndiye huyo unayemsikia akifukuza kuku kwenye mpunga. Hajawahi kunisimanga hata siku moja. Ila kovu la kucha zake lipo hapa nyuma ya kiganja, na kila ninaponawa nile naliona. Mungu ampe mwanao pumzi ndefu, nawe akupe masikio ambayo mimi sikuwa nayo.