Mama Sifuri na Droo ya Kushoto

Mke wangu huanza kuhesabu na sifuri. Binti yetu wa kwanza, mwenye miaka tisa, anamwita Sifuri. Mdogo wake, wa miaka sita, anamwita Moja. Walimu wameshazoea. Mama yangu mzazi hajazoea, na sidhani kama atazoea. "Mjukuu wangu aitwe kapu tupu?" hulalamika, kisha humpakata huyo huyo kapu tupu mpaka miguu imfe ganzi. Majirani nao wakamalizia kazi: mke wangu ni Mama Sifuri, na mimi ni Baba Sifuri, seremala mwenye karakana nyuma ya kituo cha afya.

Yeye huandika draiva, yaani zile programu ndogo zinazoiwezesha kompyuta kuelewana na vifaa vyake. Vifaa vyake yeye ni diski za kuhifadhia kumbukumbu. Siku moja, akiwa anamenya viazi, nilimwomba anieleze kazi yenyewe, maana mtu hawezi kuishi na mke miaka kumi hajui anashinda akifanya nini.

"Kompyuta haizijui diski moja kwa moja," akasema. "Inamjua kidhibiti. Chukulia kidhibiti ni mama, na kila mlango unaochomekwa diski ni mtoto wake. Kwenye draiva namwandika mama kwanza, halafu kila mtoto kivyake: yupo au hayupo, mzima au mgonjwa, na foleni ya kazi alizotumwa. Ikisikika kelele, mama anaangalia ni nani aliyelia, anamshughulikia huyo. Mmoja akigoma, mwingine asikose kula."

"Na mtoto wa kwanza ni mlango sifuri?"

"Sifuri."

"Mlango sifuri ni ukuta, mke wangu."

Akanirushia ganda la kiazi. Lakini niseme ukweli, nyumba yetu huendeshwa hivyo hivyo. Mlangoni jikoni pana karatasi mbili, kila mtoto na foleni yake ya kazi, na Moja akinuna, Sifuri anaendelea kufagia kama kawaida. Nilipouliza karatasi yangu iko wapi, niliambiwa mimi ni waya.

Ofisi yao ndiyo iliyofunga kompyuta ya kituo cha afya. Ndani yake kuna diski mbili zinazonakiliana, moja ikifa nyingine ibaki na kila kitu: kumbukumbu za akina mama wajawazito, watoto waliozaliwa, chanjo zao. Makaratasi ya zamani yaliliwa na mchwa, kwa hiyo hizo diski ndizo roho ya kituo. Kabati la kuziwekea nililitengeneza mimi, lenye droo mbili. Mke wangu aliniomba nibandike vibao vya 0 na 1. Nikakataa katakata. Nikapigilia 1 kushoto na 2 kulia, kama wanavyohesabu watu wenye akili timamu. Alinuna siku mbili, kisha akaacha, maana kamba ya ubishi ukiivuta sana hukatika.

Basi juzi, saa tisa alasiri, karani wa kituo akaingia karakana na bahasha mkononi. Kwa sababu ya siri za wagonjwa, diski iliyokufa haitupwi hivi hivi. Huletwa kwangu, mwenye mashine ya kutoboa, nami huitoboa matundu matatu karani akishuhudia.

"Mkeo ameona kwenye kompyuta yake kwamba mlango namba moja haujibu," akasema. "Akanipigia nizime mashine, nitoe diski ya namba moja, nikuletee. Hii hapa."

Nikaibana kwenye jiliwa, nikawasha mashine. Ncha ilikuwa imebakiza upana wa kidole nilipoona mkwaruzo mrefu ubavuni mwa ile diski. Mkwaruzo ule naujua, ni aibu yangu. Reli ya droo ya kushoto niliibana mno, na chochote kinachoingia humo hutoka kimekwaruzwa.

Nikazima mashine.

"Hii umeitoa kushoto?"

"Kushoto, ndiyo. Si ndiyo kibao namba moja?"

"Namba moja kakuambia nani?"

"Mkeo, Baba Sifuri. Vipi tena?"

"Ndugu yangu," nikamwambia, "mke wangu hana mtoto wa kwanza anayeitwa Moja."

Karani akaketi juu ya mbao zangu. Iliyokufa ilikuwa bado imo kabatini, na nzima ndiyo hii, kwenye jiliwa langu.

Nilipompigia mke wangu na kumweleza, akasema, "Usiiguse." Alifika akihema, ndala za ofisini miguuni. Hakunilaumu. Aliichukua ile diski akaikumbatia kifuani na machozi yakamtoka. "Nimekosa mimi," akasema. "Nimeongea na mtu kama ninavyoongea na mashine." Nikamwambia nimekosa mimi, mwenye vibao. Nilimpenda sana saa ile, na niliogopa sana.

Tukaongozana hadi kituoni, akairudisha kushoto, akawasha. Kwenye kioo pakatokea: mlango 0, upo, mzima. Mlango 1, haujibu. Ili kuhakikisha, akafungua kumbukumbu ya zamani kuliko zote, ile aliyoiingiza mwenyewe miaka tisa iliyopita kujaribu mashine mpya, namba yake 0. Nikasoma jina la mama: lilikuwa lake. Mtoto wa kike, kilo tatu kasoro.

"Kumbe ndiyo maana ya Sifuri?" nikamuuliza.

"Ulidhani ni nini?"

Miaka tisa nilidhani ni jeuri ya kazi yake.

Siku hizi akimpigia karani husema "droo ya kushoto" au "droo ya kulia", namba hazitaji kabisa. Mimi kesho yake nilikwenda kununua vibao. Muuza vifaa akasema cha sifuri hakuna, nani anaweka sifuri mlangoni? Nikarudi karakana, nikaichonga mwenyewe kwa patasi kwenye kipande cha mbao ya mninga, nikaipiga msasa hadi ikang'aa, nikaipigilia kushoto, na ile 1 nikaihamishia kulia, mahali pa 2. Na ile reli nikailegeza.