Weka Kipimo Mahali Mwenzako Atakiona

Iko siku moja, mwanangu, ambayo nikikaa peke yangu hapa Buhinyuza, Muyinga, hunijia bila kuitwa. Nilikuwa kijana, nimerudi Burundi kutoka Kigoma nilikokulia, na ujuzi niliorudi nao ulikuwa mmoja tu: kuzamia kwa mtungi wa hewa. Huku Muyinga watu ni wa jembe, mahindi na ndizi. Nilipowaambia kazi yangu iko chini ya maji, walinitazama kama mtu aliyerudi na ugonjwa. Basi nikaenda Gitega, nikapokelewa na Mzee Salumu.

Mzee Salumu alikuwa Mwislamu wa mjini, wa ukoo wa washona viatu, na yeye peke yake katika ndugu zake ndiye aliyeacha ngozi akafuata maji. Tulikuwa wawili tu kazini. Tulisafisha nondo zinazozuia takataka mbele ya mlango wa maji, kwenye bwawa dogo la umeme chini ya vilima. Maji yale yalikuwa tope tupu; ukinyoosha mkono huoni kiganja chako.

Asubuhi hiyo nilivaa vifaa vyangu vipya kwa majivuno kidogo. Nilikuwa na geji tatu, yaani vipimo, katika kasha moja zito: ya hewa iliyobaki mtungini, ambayo huitwa manometa, ya kina, na dira, zikining'inia nyuma ya paja kwa mpira mrefu. Mzee akanizunguka polepole, kama mtu anayekagua mbuzi sokoni.

"We kijana, manometa yako iko wapi?"

"Iko hapa nyuma, mzee."

"Nyuma utaisoma na nini? Na kisogo?"

Nikacheka. Yeye hakucheka. Alilifungua lile kasha akaliweka pembeni, akanifungia manometa yake mwenyewe, ya kawaida kabisa, yenye uso mkubwa na tarakimu zinazong'aa gizani ukizimulika kwanza kwa tochi. Mpira wake ulikuwa mfupi. Akaupitisha chini ya kwapa la kushoto, akaubana kifuani. Geji ya kina nayo aliikataa.

"Hii walipima kwa bahari," alisema, akitia Kifaransa kidogo kama kawaida yake. "Huku kwetu ni milima, bon, hewa ni nyepesi. Itakuambia uko juu, kumbe uko chini zaidi."

Akanifunga mkononi nyingine, ambayo mshale wake hurudishwa kwenye sifuri pale pale ulipo kabla hujazama. Nikamwuliza kwa nini ile ya hewa isikae kiunoni, kama nilivyofundishwa.

"Si ya wewe peke yako," akanijibu. "Siku moja na mi nitaitafuta."

Sikumwelewa. Maji usiyoyafika hujui wingi wake.

Nilizama, yeye akabaki ukingoni ameshika kamba yangu. Mlango wa maji ulikuwa umefungwa na kazi ilikwenda vizuri, mpaka mkono wangu wa kulia ulipoingia katika wavu wa samaki uliozama zamani. Niliuvuta, ukakaza. Nikavuta kamba ili mzee ajue. Kumbe kamba nayo imenaswa, ishara haifiki juu. Kisu changu kilikuwa kwenye mguu wa kulia, na ule wavu ulinishikilia pembeni kiasi kwamba mkono wa kushoto haukukifikia.

Mwanangu, nimezika mke, nimewaona wanangu wakihama mmoja mmoja, lakini upweke kama ule wa siku ile sijauona tena. Nilisikia pumzi yangu tu. Ilikuwa inakwenda mbio, na pumzi ikienda mbio mtungi hauchelewi kuisha. Nikainamisha kidevu. Pale kifuani uso wa manometa ulikuwa unang'aa, na mshale ulisema nina zaidi ya nusu. Ni hilo tu. Lakini mtu anayejua alichobakiwa nacho hatapatapi kama asiyejua. Nikaacha kupigana na wavu, nikapumua taratibu, nikawa natazama mshale unavyoshuka.

Ulikuwa umekaribia sehemu nyekundu ya kuishiwa hewa nilipohisi mtu. Mzee Salumu, alipoona kamba haimjibu, alikuwa ameifuata mpaka kwangu. Hakuanza kwa kuushika mkono wangu ulionaswa. Alipapasa kifua changu, akakuta manometa pale pale alipoiweka, akaisogeza karibu na macho yake. Alipoona nina muda, ndipo akatoa kisu, akaukata wavu uzi baada ya uzi, bila haraka, asinikate na mimi.

Tulipanda juu ukingoni. Nikamwambia, "Asante, mzee." Akasema, "Tungetafuta hiyo kitu mgongoni, donc, tungekuwa tunatafuta mpaka sasa."

Tulizama pamoja miaka mingi. Kisha siku moja akavua vifaa mwenyewe, akasema tarakimu zimeanza kumkimbia. Hakulalamika. Heri kufa macho kuliko kufa moyo. Alifia Gitega, nikamsindikiza kaburini, halafu nikarudi huku, ambako hakuna hata mmoja ninayeweza kuzungumza naye habari za maji.

Sasa wewe umenipigia simu, umepata kazi ya kuzamia, unauliza ununue geji gani. Nunua inayosomeka, usitazame urembo. Kabla hujazama, pumua huku unaitazama: mshale ukicheza, mtungi haujafunguliwa vizuri. Mpira uwe mfupi, usiburute topeni. Ya kina irudishe kwenye sifuri ya mahali ulipo, kwa maana kipimo cha pwani hakijui milima. Na ya hewa ibane kifuani, mahali ambapo hata mwenzako aliyezibwa macho na tope ataishika.

Na ukiwa nchi kavu, fanya vivyo hivyo. Hata wanangu wa kuzaa wakiniuliza hali, mimi hujibu "nzuri tu", na simu inakatika. Wewe usijifunze hilo kwangu. Anayekupenda mwambie umebakiwa na pumzi kiasi gani.

Mwenyezi Mungu akupe pumzi ya kwendea na ya kurudia, na kila utakaposhuka, juu yako awepo mtu mwenye kuishika kamba.