Paji Langu Lilivyojiuzulu Ushehe

Kwa zaidi ya miaka ishirini niliitwa Shehe kwa sababu ya kandili.

Nilikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu, nimerudi likizo nyumbani kwetu Mgogoni, ambako umeme ulikuwa bado haujafika. Nilimwambia mama kuwa najisomea. Usingizi ukanichukua mezani, na paji la uso likaangukia kioo cha kandili iliyokuwa ikiwaka. Kidonda kilipona upesi. Kilichobaki ni doa jeusi la mviringo, kubwa kama kifungo cha koti, juu kidogo ya nyusi ya kushoto.

Kwetu Pemba doa jeusi pajini ni cheti. Mtu akisujudu miaka mingi juu ya mkeka hutokwa na alama, na watu huiheshimu bila kumuuliza mwenyewe. Nilipohamia Madungu kufundisha jiografia nilifika na shahada moja na doa moja, na watu wakaliona doa. Wiki ile ile, sokoni, muuza samaki mmoja wa Kisiwa Panza aliinua kichwa akawaambia waliopanga foleni, "Mpisheni Shehe." Wakanipisha. Nilipaswa kusema neno pale pale. Neno nililosema ni "ahsante", nikaondoka na changu wawili wakubwa.

Sikuwa mtu mbaya. Ijumaa sikukosa msikitini. Sala nyingine nilizifanya kama ninavyosahihisha madaftari: nalimbikiza, kisha nayakabili yote kwa pamoja huku nikijilaumu.

Vyama vingi vilipoingia, doa langu lilipanda cheo. Ilikuwa miaka ambayo jirani hanunui mkate dukani kwa jirani mpaka ajue anapeperusha bendera gani, na hata maziko yalikuwa na upande. Mimi nilialikwa pande zote mbili. Nilikaa, nikatikisa kichwa, nikala pilau. Watu walidhani ile ni hekima. Ulikuwa woga, lakini woga ukiwa na alama pajini hufanana sana na hekima.

Kisha magoti ya imamu wetu yakamshinda. Mzee yule alianza kusali juu ya kiti, safu ya nyuma, na vijana wakawa wanapokezana kuongoza. Alasiri moja wazee watano wakaja barazani kwangu, watatu wa upande huu na wawili wa upande ule.

"Shehe, tumeafikiana," alisema mkubwa wao.

"Nani na nani?"

"Sote. Tunakutaka wewe uwe imamu."

Nikakataa. Wakatazamana kwa furaha, maana mtu mwema hukataa uongozi. Nikaona nimwage yote, nikawasimulia habari ya kandili tangu mwanzo hadi mwisho. Mmoja wao akafuta machozi.

"Mnaona?" aliwaambia wenziwe. "Anaficha ibada yake."

Mke wangu alikuwa nyuma ya pazia. "Waambie basi na Ijumaa iliyopita ulivyolala hotuba nzima," alisema.

Wazee walicheka sana, wakasema Shehe kajaaliwa mke mcheshi. Wakanipa muda wa kufikiri mpaka msimu wa karafuu uishe.

Hapo ndipo nilipoogopa kwelikweli. Kumdanganya muuza samaki nilishazoea. Lakini watu wazima, wametia udhu, wanasimama nyuma yangu na kuifunga sala yao na yangu kwa ushahidi wa kioo cha taa! Mdomo wangu ulikuwa umeshindwa kulikana doa. Ilibaki doa lenyewe liondoke.

Binti yangu ndiye aliyeniletea dawa, bila kujua anamletea nani. Alikuwa ananionyesha kwenye simu tangazo la kliniki ya ngozi ya Dar es Salaam: ngozi mpya kwa leza, hukai kitandani, kesho unarudi kazini. Alikuwa akizifikiria chunusi zake. Mimi nilifikiria cheo changu. Mke wangu alipopata habari alinikunjia kanzu ya safari.

"Wanaume wenzio wakifika umri huu huoa mke wa pili," alisema. "Wewe unakwenda kufanyiwa urembo. Nenda, bwana, sina kinyongo."

Ukumbini mwa kliniki nilikuwa mwanamume peke yangu, na kofia yangu ya viua. Daktari alinieleza kuwa ngozi nyeusi haitaki pupa. Akaijaribu kwanza mashine nyuma ya sikio langu, na akasema kazi yote itachukua safari tatu, pamoja na hii. Muuguzi wake, mama mmoja wa bara mwenye msalaba mdogo shingoni, alinivisha miwani mizito. Leza ikaanza. Kila mpigo ulikuwa kama mpira wa kufungia noti unaovutwa na kuachiwa juu ya ngozi, na kulikuwa na harufu ya nywele zilizobabuka. Dakika chache, kwisha. Nilikuwa nimekaa zaidi kwenye foleni ya kupata kiti.

"Sasa, kaka," alisema yule muuguzi, "jua lisikupige. Usisugue, usikwangue, na hilo paji lisigusane na kitu kigumu kwa siku kumi."

"Mimi nasali mara tano kwa siku," nilimjibu, kifua mbele, kana kwamba ni kweli.

"Basi waulize wakubwa wenu mtu mwenye kidonda husali vipi. Hawatakosa jibu."

Mara mbili za mwanzo nilijificha. Niliwaambia watu nakwenda semina, kisha nikarudi na kofia imeshuka hadi kwenye nyusi. Doa likababuka, likapauka, likabaki kivuli. Madungu ilikwisha kuliona, na ilikuwa na maelezo yake: Shehe anajipaka dawa ya kuifuta alama, asije akasifiwa na watu. Heshima ikaongezeka. Sokoni sasa nilichaguliwa samaki nikiwa bado njiani.

Nilirudi kutoka ile safari ya tatu, ya mwisho, nikiwa na gamba jembamba pajini na aibu nzito kuliko gamba. Ndipo likanitokea jambo ambalo daktari hakuniambia. Kwa kuwa nilikatazwa kuweka paji chini, nilitamani kuliweka. Mtu niliyekuwa nikizilimbikiza sala zangu nilianza kuzingojea. Alfajiri nilikuwa wa kwanza msikitini, na kwa ajili ya kidonda nilikaa juu ya kiti, safu ya nyuma, nikisujudu kwa kuinamisha kichwa tu. Kwenye kiti cha pembeni yangu alikuwa amekaa yule imamu mzee.

Siku ya nne, baada ya sala ya alasiri, alinigeukia. "Mimi magoti. Wewe nini?"

Nikavua kofia, nikamweleza yote: kandili, changu wawili, miaka ishirini, leza. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Doa lako lilikuwa juu ya jicho la kushoto," alisema. "Alama ya kusujudu hukaa katikati. Miaka yote hii najiuliza mwalimu huyu anasujudu vipi. Nilidhani labda kibla kimekupotea."

"Mbona hukusema, mzee?"

"Mbona wewe hukusema?" Akaegemea fimbo yake. "Wiki hii umesali sala ngapi?"

"Zote."

"Basi leza yao imefanya kazi."

Akagonga fimbo sakafuni, akawataka watu wasiondoke. Aliwaambia kuwa aliyekaa hapa ni mwalimu wa jiografia, alama yake ilikuwa ya moto, ameisema mwenyewe, na asiyetaka kumwamini mtu anaposema kweli ana doa baya kuliko lile. Kisha akamtaja kijana anayeuza vitambaa, aliyekuwa akiongoza vizuri kuliko wenzake wote, na wazee watano wa pande mbili wakakubali kabla hawajapata nafasi ya kutazamana.

Siku kumi zilipotimia gamba lilikuwa limeanguka lenyewe. Nilikiacha kiti nikasimama safu ya mbele, nyuma ya muuza vitambaa. Tulipokwenda chini, ukindu wa mkeka ulinichoma pajini, kwenye ngozi mpya, mpaka machozi yakanilengalenga. Sikuwa na haraka ya kuinuka.

Jumamosi nilikwenda sokoni bila kofia. Yule muuza samaki, ambaye habari ya msikitini ilishamfikia, alinitazama paji, akalitazama tena.

"Yakhe, hivyo yote ilikuwa kandili?"

"Kandili tu."

"Na samaki wangu wote wale?"

"Niwie radhi."

Alicheka mpaka akaweka kisu chini. Kisha akanyoosha mkono kuonyesha mwisho wa foleni. "Kapange, Mwalimu."

Nilikuwa wa saba. Nilisimama juani, kichwa wazi, nikapokea vibua watatu wadogo, na sijapata kula samaki watamu kama wale.