Nia Iliyokosa Kuitikiwa

Sisi tunaokaa karibu na uwanja wa ndege, huku Changamwe, tuna namna yetu ya kusali. Ndege ikija kutua, anayeongoza hunyamaza, na wote hunyamaza naye, hata kama tumefika katikati ya Baba Yetu. Ikishapita, tunaendelea kutoka neno lile lile tuliloishia. Wageni hucheka. Mimi, niliyekuwa katekista miaka mingi, namshukuru Mungu kwa vituo hivyo. Vimenifunza subira.

Siku hiyo jumuiya yetu ndogo ya Kikatoliki ilikutana kusali nyumbani kwangu, jioni, watu wakiwa wametoka kazini. Tukafika kwenye nia, pale kila mmoja anapotaja ombi lake kwa sauti na wengine wakaitikia, "Ee Bwana, twakuomba utusikie." Mmoja aliombea mguu wa mamake, mwingine kibarua bandarini. Zamu ikamfikia mjukuu wangu wa kike, mtoto wa binti yangu, niliyemlea tangu akiwa wa kubebwa. Ndege ikapita. Akangoja mpaka mabati yalipotulia, kisha akasema:

"Namwomba Mungu anionyeshe kama niende jeshini nikawe rubani wa ndege za kivita."

Hakuna aliyeitikia. Hata mimi, ambaye kazi yangu ni kuanzisha itikio, sikulianzisha. Kwamba anapenda ndege nilijua. Watoto wa mtaa huu huzitambua kwa mlio tu. Lakini za kivita? Sikuwahi kumsikia akizitaja. Nilimtazama kama mtu aliyeingia humo ndani kwa mara ya kwanza. Mwishowe jirani mmoja akarukia nia ya mvua, nayo ikaitikiwa kwa kishindo, watu wakishukuru kupata la kusema.

Wakati wa chai, mama mmoja muuza mahamri alinigeukia. "Mzee, mkeo anakuacha! Amekuchoka, anataka mume mwenye buti."

Kwetu mjukuu wa kike ni mke wa babu, na utani huo hauna mwisho. Siku nyingine ningemjibu kabla hajamaliza. Siku hiyo nilikoroga chai isiyokuwa na sukari.

"Si urushe hizi za watalii, mwanangu?" mama huyo akamwuliza mjukuu wangu.

"Ada yake atalipa nani, mama? Jeshini wanakufundisha wao. Lakini nisikudanganye, hata ningekuwa na ada, ningezitaka zile."

"Makubwa haya!" akasema mama, akaweka hamri lake kwenye sahani.

Watu walipoondoka, mjukuu wangu alibaki akikusanya vikombe.

"Babu, nia yangu haikuitikiwa."

"Nimeona, mke wangu."

"Hata mguu umeitikiwa."

"Ulitushtua."

"Sikuwaomba mkubali. Nilimwomba Mungu nijue. Usajili ni Jumatatu. Na wewe ukisema nisiende, siendi."

Hilo lilinipiga kuliko lile la kwanza. Hapana ilikuwa tayari mdomoni mwangu, naye amenikabidhi maisha yake yote niyafunge kwa neno moja. Nilitaka kulitamka. Lakini kwanza nikauliza lililokuwa likiniuma.

"Ukiwa huko juu, ukaamriwa uangushe bomu kwenye nyumba za watu?"

Akaweka vikombe chini. "Nitauliza ni nani walio humo."

"Wakikataa kukwambia?"

"Nitarudi na bomu hilo."

"Jeshi si jumuiya, mwanangu. Hawakuulizi nia yako. Watakufunga."

"Najua, babu. Wacha wanifunge."

Amri ya tano, Usiue, nimewafundisha watoto wasio na idadi, wakaikariri, wakapokea komunyo, wakaenda zao. Sikumbuki hata mmoja aliyeifuata kwa mawazo mpaka mlangoni mwa jela. Na huyu alikuwa amefika huko peke yake, chini ya paa langu, mimi nikidhani anawaza mapenzi.

Yeye mwenyewe alionekana kushangazwa na jibu lake. Kisha akasema, "Basi naenda. Kumbe kilichokuwa kikinizuia ni hilo. Sikuwa nimelisema kwa sauti."

Hapana yangu ilikuwa bado ipo, na angeitii. Nikatafuta ndani ya hapana hiyo kama kuna neno la Mungu, nikakuta hofu yangu tupu.

"Piga magoti," nikamwambia.

Akapiga magoti pale pale sakafuni. Nikamwekea ishara ya msalaba kwenye paji la uso, kama nilivyowawekea wengi. Kidole kikateremka hadi kwenye nyusi.

"Babu, huo umepinda," akasema, macho kayafumba. "Rudia."

Nikarudia.